Ngoma Mbili za Jioni Moja

Juzi tulimzika Bonifasi kule Kabambare, na kabla udongo haujakauka juu ya kaburi lake mtu mmoja alinitia hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Tulikuwa tumekaa kwenye kilio, wanaume upande wa barabara, wanawake nyuma ya nyumba na sufuria za wali na sombe la majani ya muhogo, na watu wakaanza kumtaja marehemu kwa vichekesho vyake, maana Bonifasi alikuwa mtu wa vichekesho. Akasimama bwana mmoja, mtoto wa Kasongo, shati limepigwa pasi mpaka linakata, mwalimu wa sekondari. Akasema, "Munakumbuka ile hadisi yake, mwaka Kasongo yote ilifuturu mchana? Muzee wa ngoma akili ilishaharibika, akapiga ngoma jua ingali juu." Watu wakacheka, wengine wakamwaga chai. Mimi sikucheka. Niliweka kikombe chini nikamwambia, "Kaa, mwalimu. Bonifasi hakuhadisia hivyo hata siku moja, kwa sababu ngoma ile aliipiga yeye, na aliyeitengeneza ni mimi." Akanitazama kama unavyomtazama mlevi wa asubuhi. "Baba," akasema taratibu, "weye ni mutu wa malori. Mambo ya ngoma unajuaje?"

Sawa. Mimi ni mtu wa malori. Ninayo matatu, na duka lenye sakafu ya saruji, na hakuna mfuko wa mchele unaotoka Kasongo kwenda Salamabila ambao haujapita mkononi mwangu au mkononi mwa mtu ninayemlipa. Shuleni nilikaa madarasa mawili tu, nikaondoka, na shule ndiyo iliyopata hasara. Sikuachiwa kitu na mtu. Lakini kabla ya lori la kwanza kulikuwa na mwaka mmoja ambao nilifanya kazi ambayo watoto wa siku hizi hata jina lake hawalijui: nilikuwa mtu wa sauti katika mchezo wa jukwaani. Nilikuwa mzuri kuliko wote. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu mji mzima ulinisikia na hakuna aliyejua kwamba ananisikia, na aliyelipia uzuri wa kazi yangu ni mzee ambaye hakuwa amenikosea kitu. Mzee huyo hana mtoto wa kumsemea kwenye vilio. Basi nitasema mimi.

Nilizaliwa na nani na baba yangu alilima nini, hayo hayamhusu msomaji. Naanza siku nilipoingia Kasongo kwa miguu kutoka Wamaza, ndevu zimeshaota lakini bado sijajua kuzinyoa, nikitafuta kazi kwenye ghala la pamba na mahali pa kulaza kichwa. Mahali nilipata kwa Mzee Sefu, mpiga ngoma wa msikiti. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, na kile alichonipa hakikuwa chumba, kilikuwa mahali pa ngoma. Ngoma ilikaa pembeni, nene, inanifika kifuani, imefunikwa shuka safi kuliko shuka langu, na mimi nililala kwenye mkeka pale palipobaki. Palinuka moshi, ngozi ya mbuzi na kahawa. Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Ukijinyoosha miguu usiiguse. Iko na usingizi mwepesi." Jioni tulikula bugali wa muhogo na samaki wadogo wa kukausha, na Ijumaa wali, na wakati wa kula hakunyamaza. Aliwatukana kuku wa jirani, alimtukana baba mkwe wake aliyekwisha kufa, alimtukana mtu yeyote aliyesema kwamba ngoma ni kugonga tu. Kupitia ukuta wa fito tuliwasikia wanawake wa nyumba ya pili wakibishana juu ya chumvi, na Mzee Sefu aliingia katika ugomvi wao hukohuko alikokaa, bila kuinuka. "Mama Zubeda, unasema uongo, chumvi ulimaliza juzi, mi nilisikia kijiko kinakwangua." Alikuwa na masikio ya namna hiyo. Nimekaa na watu wengi wenye macho makali maishani, na wamenifaa katika biashara, lakini mwenye masikio nimemjua mmoja tu.

Mwezi wa Ramazani kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote mjini. Saa za mkono walikuwa nazo Wazungu na makarani wachache, na hata hao makarani hawakuziamini. Watu walifuturu kwa ngoma ya Mzee Sefu, ambayo kila jioni ilibebwa mpaka msikitini na kurudishwa nyumbani. Siku za jua alitazama jua. Siku za mawingu mazito, wakati jimbo letu lote la Maniema linakuwa kama ndani ya chungu, alitazama kuku walewale aliowatukana: wakipanda kwenye dari la jiko kulala, alishika fimbo zake, popo wakitoka kwenye paa la msikiti, alipiga. Hakukosea. Watu walimwita Bwana Jioni, naye alipenda jina hilo ingawa alijifanya halipendi.

Sasa ghala la pamba. Mkubwa wake alikuwa Mbelgiji mmoja ambaye sisi tulimwita Bwana Kengele, kwa sababu alitembea na kikengele cha shaba mfukoni na alikipiga kila mtu alipokosea. Mchana alikuwa mtu wa mizani. Saa za kazi zikiisha alikuwa mtu wa michezo. Katika Serkle, ile nyumba ya matofali ambako Wazungu walicheza karata, na ambako siku moja moja watu weusi wenye tai waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma, alikuwa anatengeneza mchezo mkubwa wa nyimbo. Ulihusu mji wa kando ya mto, binti wa mfalme, dhoruba, vita, na mwisho mji unaanguka. Ilikuwa Kasongo ya zamani, hakuificha. Waovu wote walivaa kanzu. Wema wote walikuja kutoka mbali wamevaa kofia ngumu. Mimi nikiwa mtoto wa Kiislamu nilibeba viti vya mchezo huo na sikuupenda, na leo siupendi zaidi, kwa sababu leo ninaelewa ulikuwa unatuimbisha nini.

Lakini siku moja ya mazoezi alitaka mvua. Alimpandisha mtu kwenye ngazi nyuma ya rido, lile pazia la jukwaa, akamwaga maji ya kweli juu ya bati. Mimi nilikuwa napita na benchi kichwani, nikacheka. Kengele ikalia. "Weye nacheka nini?" Nikamwambia, "Bwana, ile si mvua. Ile ni mandazi yanakaangwa." Kwaya ya akina mama ikacheka pia, akaona haya, akasema basi nionyeshe. Niliweka benchi chini. Nikaomba lungo la kupepetea na mchele usiopikwa kwa mama aliyekuwa ameuleta kupikia waimbaji, nikauacha utembee juu ya lungo polepole, kutoka ukingo huu kwenda ukingo ule, kisha nikauharakisha. Mama mmoja wa kwaya alinyanyuka akakimbilia mlangoni kuanua nguo zake. Nguo zilikuwa zimeanikwa juani. Jua lilikuwa linawaka. Kuanzia hapo sikubeba benchi tena.

Kazi ile ina siri yake, nami niliikuta peke yangu: kitu cha kweli hakisikiki kama kitu cha kweli. Moto wa kweli jukwaani hausikiki kabisa; ukitaka moto, chukua majani makavu ya mgomba uyafinye ngumini karibu na sikio la rido. Radi ni bati lililoning'inizwa kwa kamba, lakini usilipige, ukilipiga inakuwa bati. Ulishike ukingo wa chini kwa mikono miwili, ulitikise kama unavyokung'uta mkeka. Mtu akianguka amekufa, dondosha gunia nusu la mbegu za pamba juu ya ubao, maana gunia lililojaa linaanguka kama gunia. Bwana Kengele alikuwa na gramofoni yake yenye pembe kubwa, aliyokuja nayo kutoka kwao, na kabla yangu aliitegemea kwa kila kitu. Ilikohoa. Baada ya wiki chache aliiacha ipige muziki wa kupumzikia tu, na alinipa msaidizi.

Msaidizi huyo ndiye Bonifasi. Mkristo wa Kabambare, mikono kama sahani, mdomo usiofungwa. Siku ya kwanza aliniuliza, akiniita yaya kama kaka yake mkubwa, "Yaya Saidi, kweli unakula mushahara juu ya kutikisa mbati?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mama yangu iko na deni kwa serikali, ametikisa lungo miaka yote bure." Tulipatana palepale.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Mwisho wa sehemu ya tatu jua linazama juu ya mji unaokaribia kufa, na Bwana Kengele alitaka ngoma moja isikike kutoka mbali, halafu kwaya ianze kulia. Kila ngoma tuliyopiga nyuma ya rido ilisikika kama mtu anabisha mlango. Kengele, kengele, kengele. Nilijua sauti anayoitaka. Nililala nayo chumba kimoja. Nikamwomba Mzee Sefu, akasema ngoma ya msikiti haiendi kwenye dansi la Wazungu, na maneno yakaisha. Kesho yake jioni, tukiwa tunakula, akasema bila kuniangalia, "Uko na pipa ya namna gani?" Nikasema ya mbao, ile inayoletwa na misumari. Akatema mwiba wa samaki. "Ngozi iwe ya beberu, isiyo na kovu. Hapana kuikausha juani. Juani inakuwa na kiburi. Uikaushe kwa moshi." Jioni nyingi alinifundisha hivyo, kwa kutukana, jinsi ya kuipaka mafuta ya mawese na majivu, jinsi ya kuipasha joto juu ya makaa mpaka ikubali. Alijua ni ya nini. Alisema, "Kama watatucheka, basi watucheke na ngoma nzuri."

Umbali niliutafuta mwenyewe. Nyuma ya Serkle palikuwa na tanuru la zamani la matofali, mdomo wake unatazama bondeni, upande wa mji. Ukiweka ngoma ndani ya tanuru, sauti inatoka kama inatoka tumboni mwa nchi. Nikaiweka humo, na Bonifasi pembeni yake, na kamba kutoka dirisha la ukumbi mpaka kwenye kifundo cha mkono wake; Bwana Kengele akiivuta, Bonifasi anapiga. Fimbo tuliifunga matambara, kwa sababu bibi wa daktari alisema ngoma inamwumiza kichwa, na hivyo kwenye mazoezi yote haikusikika nje ya uwanja wa Serkle. Mji haukuijua.

Kisha Ramazani ikaingia, na habari ikaja kwamba mkubwa kutoka makao ya distrikti anapita Kasongo na atapenda kuuona mchezo, siku yake hiyo tu, na uchezwe mapema alasiri ili apate kula vizuri baadaye. Nilikwenda kwa Bwana Kengele nikiwa nimefunga, koo kavu. Nikamweleza kama anavyoelezwa mtoto: ngoma ile ina sauti moja na ngoma ya futari, sehemu ya tatu itafika kabla ya jua kuzama, matambara yasitoke kwenye fimbo. Alisema, "Ndiyo, ndiyo, Saidi." Alisema mara mbili. Nikamwambia Bonifasi pia, na Bonifasi akaapa kwa jina la mama yake.

Siku ile mawingu yalishuka mpaka kwenye minazi ya misheni. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa nyuma ya rido na lungo langu, bati langu na magunia yangu, na mvua yangu iliwafanya wenye tai wajikunje. Lakini mgeni alipiga miayo. Nilimwona kwa tundu la rido. Bwana Kengele alimwona pia, na wakati wa mapumziko alitoka nje. Mambo ya huko nje alinisimulia Bonifasi: bwana alifika kwenye tanuru akaitazama fimbo, akachomoa kisu, akakata matambara. Bonifasi akasema, "Bwana, Saidi alisema hapana." Akajibiwa, "Saidi hapana bwana yako." Akarudi ndani akakaa, na wakati ulipofika akavuta kamba.

Ngoma ikalia, na mimi nikasahau lungo mkononi. Mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kama kile, na nimejenga nyumba. Mgeni alikaa wima. Kwaya ililia kweli, si kwa mchezo. Kwa pumzi moja nilifurahi, ndiyo, nani asingefurahi, halafu nikakumbuka nilikuwa na kiu, na kwamba mji mzima ulikuwa na kiu. Niliangusha lungo nikakimbia. Kwenye nyumba ya kwanza nilimkuta mama na watoto wake wamezunguka bakuli la uji, wanakunywa. Akaninyooshea kikombe kwa ukarimu, "Karibu, futuru, mwanangu, ngoma imelia." Nikatazama jiko lake. Kuku wake ndio kwanza walikuwa wanaanza kupanda, wengine bado uani wanachakura. Tulikuwa bado tumesimama hivyo, kikombe mkononi mwake, ngoma ilipolia mara ya pili, ya kweli, kutoka msikitini. Mama yule alibaki na uji kinywani, hajui kama ameze au ateme.

Nilipofika msikitini baraza lilishajaa wanaume wenye hasira na midomo yenye mafuta. Mzee Sefu alisimama kati yao na fimbo zake. Mwalimu Rashidi, aliyesalisha pale na ambaye neno lake lilikuwa la mwisho, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. "Mzee wangu, ulipiga mara mbili?"

"Nilipiga mara moja."

"Siye wote tulisikia mbili."

"Na miye nilisikia mbili. Ya kwanza si yangu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ngoma yake imelia peke yake, imechoka kumungojea," na watu wenye njaa wakacheka. Mwingine akasema, "Kuku wamemudanganya leo." Mwingine, huyu alikuwa jirani yetu, "Uzee tu. Akapiga, akaona amekosa, akapiga tena juu ya kuficha." Hakukuwa na shahidi. Saa ile kila mtu yuko kwake na bakuli lake. Anayekuwa msikitini ni mpiga ngoma na ngoma. Mwalimu Rashidi akasema siku ile itafungwa tena na mji wote, hakuna lawama, Mungu anasamehe uzee, na fimbo akampa mpwa wake mwenyewe. Usiku uleule, ngoma ilipokwisha kurudishwa chumbani kwangu, walikuja kuichukua. Mahali ilipokuwa imekaa pakabaki duara la udongo safi, na Mzee Sefu akanikataza kupatandika mkeka.

Mnadhani nilinyamaza. Palepale barazani nilipasua watu nikasema, ngoma ya kwanza ni yangu, nimeitengeneza kwa pipa la misumari, imepigwa ndani ya tanuru la Serkle. Nilitegemea watanipiga. Ningefurahi kama wangenipiga. Walinicheka. "Kijana wa Wamaza," akasema Mwalimu Rashidi kwa ule upole wake, "unakula kwa huyu mzee, unamutetea, ni vizuri. Lakini siye tunaijua ngoma yetu tangu tuko migongoni mwa mama zetu. Pipa ya misumari?" Wakacheka tena. Na mimi hapo hasira ikawa mbili ndani ya kifua kimoja, moja kwa ajili ya mzee na moja kwa ajili ya pipa langu, na sijui ipi ilikuwa kubwa. Usiniulize. Kazi nimeifanya vizuri kiasi kwamba mji mzima umemeza uji, na mji huohuo unaniambia siwezi kuwa nimeifanya kwa sababu ni nzuri mno.

Nikaenda kwa Bwana Kengele ili aseme neno moja tu kwa Mwalimu. Nilimkuta verandani, miguu juu ya kiti. "Ngoma gani?" akasema. Nikafikiri hajasikia. Akarudia, "Serkle hapana na ngoma. Ile ni gramofoni." Nikaelewa. Alikuwa amemwambia mgeni kwamba sauti ile ilitoka kwenye mashine yake, kwa ufundi wake, na mgeni alikuwa amemshika mkono. Nyuma ya tanuru niliikuta ngoma yangu. Pipa limepasuliwa kwa shoka, nusu limeshachomwa, mikanda ya chuma imelala kwenye majivu. Bonifasi alikuwa ameketi juu ya tofali, kwa mara ya kwanza hana kichekesho. "Alinituma miye nipasue," akasema. "Nikamuambia mukono unauma. Akapasua mwenyewe."

Mzee Sefu alilala akitazama ukuta. Daku hakuamka, futari alikula tonge akarudi kitandani, na Mama Zubeda alipopiga kelele za chumvi upande wa pili hakumjibu. Hilo ndilo lililonitisha. Kutwa nzima alisema neno moja tu, nalo jioni, mpwa wa Mwalimu alipopiga ngoma: "Amechelewa." Nikaona huyu mtu atakufa mbele yangu akiwa na jina la mwendawazimu, na jina hilo limetoka mikononi mwangu na kutiwa muhuri na mwingine. Nikarudi kwa Mwalimu Rashidi. Sikuamkia vizuri. Nikasema, "Weka ngoma yako hapa barazani, mikono ya watu wote iwe magotini, na Mzee Sefu akae kati yenu. Mutangaze mjini mapema mtu asifuturu. Asubuhi katikati, nitapiga yangu. Mukisikia kitu, mutajua." Akafikiri. Nadhani alikubali ili ninyamaze.

Mimi na Bonifasi tukatengeneza nyingine. Pipa tuliiba ghalani, sioni haya. Ngozi tuliipata kwa mchinjaji, beberu bila kovu, tukaipa moshi, mawese na majivu, na mimi nikatukana kama nilivyofundishwa kutukana. Siku ya siku Bonifasi akaenda kukaa msikitini awe macho yangu, na mimi nikaenda kwenye tanuru. Habari ikitangazwa mjini haibagui masikio. Bwana Kengele alikuwa amesimama mdomoni mwa tanuru na polisi mmoja. Akasema, akinyoosha kidole, nikipiga nitalala kasho, kwenye chumba cha mahabusu, kwa kupiga ngoma bila ruhusa na kuingia mahali pa Serkle, na kazi ya pamba nisahau. Aliongea polepole nisikose kuelewa. Mimi nilikuwa na pipa kichwani, makaa kwenye kopo, na saumu tumboni. Nilimpita. Nikaweka ngoma chini, nikaipasha, na polisi, ambaye alikuwa mtu wa kwetu na alisikiliza maneno kuliko amri, akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Nikapiga mpaka waliponishika mikono.

Kilichotokea msikitini nimekipata kwa Bonifasi, na alinisimulia mara nyingi bila kubadilisha neno. Sauti ilipofika, kila mtu aliitazama ngoma ya barazani. Nzi alikuwa ametua juu ya ngozi yake, na hakuruka. Wale waliocheka waliangalia miguu yao. Mwalimu Rashidi akasema, "Ni ileile." Akageuka kwa Mzee Sefu, macho yamelowa, akataka kumshika mkono. Mzee Sefu akauondoa mkono. Akasema, "Si ileile. Ya mutoto inakufa upesi. Yangu inakaa. Sikilizeni." Akainuka, akachukua fimbo kwa yule mpwa bila kuomba, akaigusa ngoma yake kidogo tu, na kweli, anasema Bonifasi, ukisikia zote mbili hivyo hata kiziwi angejua. "Miaka yote hii," akasema Mzee Sefu, "nimewapigia. Mumeoa, mumezaa, mumezika. Na hamuijui."

Huyo ndiye ambaye yule mwalimu wa sekondari alimwita mtu aliyeharibika akili. Niliyaeleza yote haya kwenye kilio, nimesimama, chai imepoa, na alinijibu kwamba baba yake alimwambia vingine. Baba yake alikuwepo barazani. Baba yake alikuwa mmoja wa waliofuta midomo. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na sitamwomba radhi, wala lori langu halitabeba mzigo wake.

Siku ile jioni nilikuwa kasho. Polisi yule wa viatu aliniletea kikombe cha maji na ndizi mbili, akaniwekea chini ya dirisha. Jua lilizama wazi, jekundu, bila wingu hata moja, mtoto angeliona. Nikasikiliza. Mbingu ikawa ya zambarau, halafu ya kaniki, na nyota zikatoka, na kutoka mjini hakukusikika kitu ila mbwa. Bonifasi alikuwa nje ya nyumba ya Mzee Sefu, na anasema watu walikuwa wamejaa njiani, vikombe mikononi, hakuna anayethubutu kunywa kwa jinsi walivyoungua mara ya kwanza. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, ngoma waliyomrudishia mbele yake, fimbo mapajani. Mwishowe Mwalimu Rashidi akaja mwenyewe.

"Mzee wangu, jua limezama."

"Uko na hakika?"

"Ninaona."

"Basi kunywa. Kama uko na macho, unangojea nini kwa mwendawazimu?"

Mwalimu hakunywa. Alibaki amesimama pale na kikombe chake kama wengine wote, na hakuna aliyeondoka, na mzee aliwaangalia mmoja mmoja, akiwataja majina, mpaka akamaliza njia yote. Mimi kasho nilikuwa na nyota dirishani na maji mkononi, koo limepasuka, na ningeweza kunywa, hakuna dhambi, giza lilikuwa limejaa chumba. Sikunywa. Nilingoja mpaka alipotaka yeye kupiga.